Gitaa la Safari

Gitaa hili lilitengenezwa Kyela, uani, chini ya mwembe. Fundi wake ni mpwa wangu, seremala. Alilitaka dogo, lisimsumbue ndani ya gari akienda Matema. Mgongo ni wa mninga uliopigwa msasa hadi unang'aa. Nyuzi ni za dukani, si waya wa breki za baiskeli tuliofunga utotoni kwenye magitaa yetu ya galoni. Nililisifu mbele ya watu. Nakiri, nilisifu kwa macho.

Likapelekwa msibani kusaidia kwaya. Nyuzi zikipigwa wazi, sauti tamu. Akibana vidole, kila alipopanda shingoni ndivyo sauti ilivyozidi kupotoka. Waimbaji wakaliacha, wakaimba bila chombo. Kijana akainamisha kichwa.

Kosa si la mbao, ndugu msomaji. Aliazima gitaa kubwa lenye uzi wa sentimita 65, akanakili nafasi za vile vyuma vya shingoni kama zilivyo, ilhali uzi wake yeye ni sentimita 58. Chuma cha 12 sharti kigawe uzi nusu kwa nusu: huko ni sentimita 32.5, hapa ni 29. Na vingine vyote hufuata kadiri hiyo. Cha kwanza tu kilipaswa kusogea karibu milimita 4 kuelekea kichwani. (Galoni letu halikuwa na vyuma, sikio ndilo lililotafuta mahali pa kidole.)

Shingo ile ameing'oa. Nyingine inakauka darini, polepole, kwa unyevu huu wa Kyela. Rula nimeishika mimi.