Mshumaa Upi?

Karabai za Petromax, zilizomulika harusi na maulidi na kuwavutia dagaa gizani, zinajulikana kwa alama ya HK 500. Herufi hizo mbili ni za Kijerumani na zinataja kipimo kilichokwisha kufutwa, mshumaa wa Hefner. Anayetaka kuijua taa hiyo kwa vipimo vya leo hufungua simu, huzidisha 500 kwa 0.903 na kupata kandela 451.5, kisha huzidisha tena kwa 12.57 na kutangaza kwamba karabai hutoa lumeni 5,675. Kuzidisha kwake ni sahihi, lakini jibu lenyewe halieleweki limetoka wapi. Kubadili vipimo vya kale vya mwanga ni kazi ya kusoma kwanza, na hesabu hufuata. Na kusoma huko ndiko tulikoanza kusahau.

Tazama kipimo chenyewe kilivyozaliwa. Mwaka 1884 mhandisi Mjerumani Friedrich von Hefner-Alteneck alipendekeza taa ndogo inayochoma asetati ya amili, yenye utambi wa kipenyo cha milimita 8 na mwali wa kimo cha milimita 40 kamili. Mwanga unaokwenda mlalo kutoka kwenye mwali huo ndio uliokuwa mshumaa mmoja. Mwali ukizidi au kupungua kwa milimita moja tu, mwanga hubadilika kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo mpimaji alikaa gizani akiulinda kwa jicho, milango imefungwa upepo usipite, akisogeza taa mbele na nyuma hadi doa la mafuta kwenye karatasi ya Bunsen lipotee machoni pake. Doa likipotea, pande mbili za karatasi zimepata mwanga sawa, na umbali wa kila taa humpa jibu. Lakini hakuishia hapo. Alipima pia kanieneo ya hewa na unyevu wake, kwa sababu taa ya Hefner ilihesabiwa kuwa kamili katika hewa yenye lita 8.8 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na kila lita iliyozidi ilipunguza mwanga kwa karibu asilimia 0.55. Kwa kanuni hiyohiyo, katika hewa ya pwani yetu, ambayo kwa urahisi hubeba lita 30, taa ileile ingepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Yote hayo aliyaandika pembeni mwa jibu lake. Daftari la mpimaji wa zamani ni zuri kwa sababu hiyo: namba haikuachwa isimame peke yake.

Kila nchi ilikuwa na mwali wake. Sheria ya gesi ya London ya mwaka 1860 ilitegemea mshumaa wa mafuta ya kichwa cha nyangumi, unaoteketea grani 120 kwa saa. Wafaransa walikuwa na taa ya Carcel, iliyokunywa gramu 42 za mafuta ya mbegu kwa saa na kutoa mwanga wa karibu mishumaa kumi. Mwaka 1909 maabara za Marekani, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana juu ya mshumaa wa kimataifa. Ujerumani ikabaki na Hefner wake. Kandela ikapewa jina mwaka 1948 kwa kutegemea platini inayoganda, na mwaka 1979 ikafafanuliwa upya kwa wati na masafa ya mwanga. Sitamani miali irudi. Kandela ya leo ni kazi bora kuliko zote zilizoitangulia, na waliotufikisha hapo walikuwa watu wa uangalifu uleule wa kuandika pembeni.

Turudi kwenye ile 0.903. Namba hiyo ni halali kwa mwanga mwekundumwekundu, wa rangi iliyo karibu na ya mwali wa Hefner. Kifuko cha karabai hung'aa kwa weupe, na rangi inapobadilika, uwiano nao hubadilika. Ile 12.57 nayo ni ya taa inayomulika sawasawa kila upande. Karabai ina tangi chini na kofia juu, haimuliki hivyo. Mafundi wa zamani walitofautisha wastani wa mlalo na wastani wa pande zote, nao waliandika ni upi. Simu haiulizi.

Atatokea wa kusema kwamba jicho halijali tofauti ya asilimia kumi, kwa hiyo haya ni masumbuko bure. Kwa mwenye kununua taa ya sebuleni, ni kweli. Lakini wako wanaolinganisha leo na jana. Kifaa cha Goldmann cha kupima upeo wa macho kilizaliwa na mandhari ya apostilbu 31.5, ambazo ni kandela 10 kwa mita ya mraba, na madaktari wa macho bado huisoma apostilbu. Hapo kubadili ni rahisi: gawanya kwa 3.1416, basi. Wepesi huo umebaki kwa sababu kila kizazi cha madaktari kilirithishwa namba pamoja na jina la kipimo chake. Mwanga wa mnara wa bahari, au wa balbu iliyopimwa zamani, haukupata bahati hiyo kila mara. Majedwali yamenakiliwa upya kwa haraka, safu ya "maelezo" ikaondolewa kwa sababu ilijaza nafasi, na kilichobaki ni "mishumaa 200". Ikiwa ni ya Hefner, ni kandela kama 181. Ikiwa ni ya kimataifa, ni kama 204. Aliyejua ni ipi alikuwa ameshaiandika, na sisi ndio tuliomfuta.