Jinsi Mgeni Awezavyo Kuusoma Mtaa: Mfano wa Yanaka, Tokyo

Mgeni aingiapo katika mji mkubwa asioujua hukabiliwa na jambo lililo gumu kuliko lugha na gharama, nalo ni kwamba mtaa alioufikia una utaratibu wake, uliokwisha kutungwa zamani na watu ambao hawakumtarajia yeye. Aghalabu huambiwa kwamba dawa ni kutembea, naye hutembea, akazunguka vichochoro mpaka miguu ikazoea. Na hapana shaka kutembea kuna manufaa yake, walakini mtu aweza kuzijua njia zote za mtaa na mtaa wenyewe usimjulikie hata kidogo. Makala haya yanakusudia kuchambua njia iliyo bora zaidi kwa kuutazama mtaa mmoja, Yanaka, ulio katika kata ya Taito, jirani na bustani ya Ueno mjini Tokyo. Nimeuchagua kwa sababu ulinusurika kwa sehemu kubwa katika zilzala ya tarehe 1 Septemba 1923, na tena katika mashambulizi ya ndege ya Machi 1945, misiba miwili ambayo kila mmoja uliua watu wapatao laki moja, hata ukabaki na alama nyingi za kusomeka. Na kwa sababu wapo watu, wenyeji na wageni, waliousoma mtaa huu, au mitaa iliyo ndugu zake, kwa njia zinazojulikana na zinazoweza kufuatwa. Hoja yangu ni hii: mgeni hataujua mtaa mpaka akiweke kando kipimo alichokuja nacho, akashika kile ambacho mtaa wenyewe hujipimia.

Tuanze na anwani, kwa kuwa ndiyo neno la kwanza mtaa umwambialo mgeni. Mtu aliyezoea miji ambayo kila barabara ina jina na nyumba zake zimepangwa kwa nambari, witiri upande huu na shufwa upande ule, atatafuta jina la barabara katika Yanaka asilione, kwa sababu katika Tokyo njia nyingi hazina majina kabisa. Kinachopewa jina ni eneo. Yanaka imegawanywa sehemu 7, kila moja ikiitwa chome, na chome imegawanywa vitalu vyenye nambari, na ndani ya kitalu kila nyumba hupewa nambari. Na anwani huandikwa kutoka kilicho kikubwa kwenda kwa kilicho kidogo, mji kwanza, kisha kata, kisha mtaa, mpaka mlango wa mtu. Hapo zamani, tangu serikali ya Meiji ilipoanzisha kodi ya ardhi katika miaka ya 1870, anwani ilikuwa ni nambari ya kiwanja tu, na kwa kuwa viwanja vilikatwa na kuuzwa vipande vipande, nambari zilivurugika hata jirani na jirani wakawa na nambari zilizo baidi. Sheria ya mwaka 1962 ilikuja kuondoa fujo hiyo. Kwa utaratibu wake, wapimaji huanza katika pembe moja ya kitalu, wakauzunguka mpaka wake kwa mwendo wa mshale wa saa, wakiugawa kwa vipande vya urefu ulio sawa, kwa kawaida baina ya mita 10 na 15, na kila kipande kikapewa nambari. Kisha nyumba huchukua nambari ya kipande ambacho mlango wake umefungukia.

Katika kanuni hiyo moja yamo majawabu ya mambo mengi ambayo mgeni huyadhania kuwa ni vurugu. Nyumba mbili zaweza kuwa na nambari moja, kwa sababu milango yao imeangukia kipande kimoja. Nambari zaweza kurukwa, kwa sababu hapana mlango katika kipande kile. Na nyumba zinazotazamana katika kichochoro kimoja zaweza kuwa na nambari zisizohusiana kwa lolote, kwa kuwa kila moja ni ya kitalu chake. Basi anayetafuta nyumba asiifuate njia. Na akifike kitalu kwanza, akisome kibamba kilichopigwa kwenye pembe au juu ya nguzo, kisha akizunguke kwa mkono wa kuume mpaka nambari imtokee. Ajuaye haya hupata nyumba kwa haraka, na faida iliyo kubwa kuliko hiyo ni kwamba ameanza kuuona mtaa kuwa umeundwa kwa maeneo, kama wenyeji wauonavyo, wala si kwa mistari.

Baada ya nambari huja nchi yenyewe, maana yake miinuko na maji. Njia tambarare za Yanaka nyingi hazina majina, lakini miteremko inayo, na kwa mingi kata imesimamisha nguzo zenye jina na maelezo ya asili yake. Jambo hili lina sababu: Yanaka umekaa ubavuni mwa mwinuko wa Ueno, ukitazamana na mwinuko wa Hongo upande wa magharibi, na kila anayetoka juu kwenda chini au kupanda kutoka bondeni lazima apite katika mteremko mmojawapo, hivyo mteremko ni mlango wa mtaa, na mlango hauachwi bila jina. Bondeni palipita mto uitwao Aizome, ukielekea bwawa la Shinobazu, nao ulifunikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mto hauonekani tena, ila kichochoro kilichojengwa juu yake kimebaki na mapindo yake yote, hata wenyeji wakakiita njia ya nyoka. Mgeni akiona njia ipindayo mara nyingi bila ya sababu katika mji uliopimwa kwa kamba, na ajue kwamba huenda anatembea juu ya maji ya zamani. Na kichochoro hicho ndicho mpaka wa kata mbili, Taito upande mmoja na Bunkyo upande wa pili, kila kata ikiwa na ofisi yake, kalenda yake ya taka na ramani yake ya maafa. Hivi kwamba majirani wasiotengwa na kitu ila njia nyembamba hutawaliwa na taratibu mbili mbalimbali kwa sababu ya mto uliokwisha zikwa.

Mtu aliyeifanya njia hii ya kusoma kuwa ilmu yenye mpango ni Jinnai Hidenobu, mtaalamu wa historia ya ujenzi, ambaye katika miaka ya 1970 alisoma Venice, kisha akarejea kwao na kuipeleka Tokyo nadhari aliyojifunza huko. Kazi yake, iliyotolewa kitabu mwaka 1985, ilionyesha kwamba ingawa majengo ya Tokyo yamebomolewa na kujengwa mara nyingi, mifupa ya mji wa zamani wa Edo, yaani njia zake, mipaka ya viwanja vyake na miteremko yake, imebaki kwa kiasi kikubwa pale pale. Alitembea na ramani ya zamani mkononi, akailinganisha na ya sasa. Kwa Yanaka, ramani ya zamani hueleza mara moja kwa nini mtaa mmoja una mahekalu ya Kibudha takriban 70: hekalu kuu la Kan'ei-ji lilijengwa Ueno mwaka 1625, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657 mahekalu mengine yalihamishwa kutoka katikati ya mji yakaletwa huku pembezoni. Kuta ndefu ambazo mgeni huziona zikimzuia asikate njia ni mipaka ya viwanja vya mahekalu hayo.

Upana wa vichochoro nao una maneno yake. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1950 hutaka kila nyumba iwe juu ya njia yenye upana usiopungua mita 4, na penye kichochoro cha kale kilicho chembamba kuliko hapo, anayejenga upya hana budi kurudi nyuma mpaka awe mbali kwa mita 2 na mstari wa katikati. Kwa hiyo nyumba mpya hurudi nyuma na za zamani husimama mbele, na mgeni asimamaye mwanzo wa kichochoro akatazama safu ya kuta, hii imetoka na hii imeingia, aweza kukisia ni zipi zilizojengwa upya na ni zipi zilizobaki tangu zamani, bila ya kumuuliza mtu. Sheria hiyo imewekwa ili magari ya zimamoto yapite. Nayo ndiyo inayofuta, nyumba baada ya nyumba, ule wembamba ambao watu huja kuutazama. Anayeupenda mtaa huu hana budi kuyabeba mambo hayo mawili pamoja, kwa kuwa watu wa 1923 waliuawa na moto kuliko walivyouawa na mtikisiko.

Ama taratibu za watu, hizo hazisomeki ukutani zote, ingawa nyingi zimebandikwa. Sheria humtaka aliyehamia apeleke habari zake katika ofisi ya kata kabla ya siku 14 kupita, na tangu Julai 2012 jina la mgeni anayekaa kwa muda mrefu huingizwa katika daftari lile lile la wakaazi waandikwamo wenyeji. Wengi huliona jambo hili kuwa adha ya makaratasi, lakini katika ofisi hiyo ndimo mtu apatamo kalenda ya taka na ramani ya maafa, nyaraka mbili ambazo zina maarifa ya mtaa kuliko kitabu chochote cha watalii. Ramani ya maafa huonyesha ni wapi maji hujaa, ni wapi moto huenda kasi, na ni uwanja gani watu wakimbilie. Taka nazo zina siku zake, kila aina na siku yake, na mahali pake, na wavu wa kuzuia kunguru. Na anayekosea hafichiki, kwa kuwa mfuko wake huachwa pale pale. Kisha kuna kibanda cha polisi, kiitwacho koban, ambacho tangu karne ya 19 kimekuwa mahali pa kuulizia njia. Askari wake ana ramani ya vitalu, na swali la anwani haliwi usumbufu kwake, kwani ni katika kazi zake za kila siku.

Juu ya hayo yote iko jumuiya ya mtaa, iitwayo chonaikai, ambayo husimamia matengenezo ya ubao wa matangazo, sikukuu, usafi na mazoezi ya kujikinga na maafa, na ambayo hupitisha ubao mdogo wa habari kutoka nyumba hadi nyumba, kila mwenye nyumba akatia alama kwamba ameona kisha akampa jirani. Jumuiya hizi zilikatazwa mwaka 1947 na majeshi yaliyoikalia Japani, kwa kuwa zilitumiwa na serikali ya vita, nazo zikarejea katika miaka ya 1950. Leo kuingia ni hiari. Adabu ya kuhamia humtaka mgeni aende na zawadi ndogo, taulo au sabuni au vitamutamu, kwa nyumba tatu za mbele na mbili za ubavuni. Kwetu pwani, tuliozoea kusikia kwamba ujirani hufika hata nyumba ya 40, hesabu ya nyumba 5 yaweza kuonekana finyu. Lakini ni hesabu yenye mipaka ya wajibu, kwa kuwa hao watano ndio watakaosikia kelele zako, na ndio watakaokutafuta nchi ikitikisika.

Uzito wa jumuiya hii ulidhihirishwa na mgeni hasa, Theodore Bestor, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyekaa katika mtaa mmoja wa Tokyo na kuutolea kitabu mwaka 1989, akiuficha kwa jina la kubuni ili watu wake wasijulikane. Hakujifungia katika maswali ya karatasi. Alikaa, akahudhuria, akashiriki katika shughuli za jumuiya na za sikukuu. Kwa njia hiyo aligundua jambo ambalo mpita njia asingalilijua: kwamba yale yaitwayo mila za kale za mtaa hayakuwa mabaki yaliyosahauliwa na wakati, bali yalikuwa yakitunzwa kwa makusudi, hasa na wenye maduka na viwanda vidogo, ambao heshima yao ilisimama juu ya mtaa.

Na katika Yanaka kwenyewe kazi iliyo kubwa kuliko zote ilifanywa na wanawake watatu wakaazi, Mori Mayumi, Ogi Hiromi na Yamasaki Noriko, walioanzisha mwaka 1984 jarida la mitaa ya Yanaka, Nezu na Sendagi, lililoendelea mpaka 2009. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi kuueleza na mzito kuutenda: waliwaendea wazee, wakawauliza, wakayaandika waliyosikia, juu ya mto uliofunikwa, mabafu ya umma, mafundi na maduka, na jarida likauzwa katika maduka ya mitaa ile ile iliyosimulia. Hivyo aliyesimulia aliweza kusoma habari zake, na jirani yake akazipima. Mitaa hiyo mitatu, iliyogawanyika katika kata mbili, ilipata kwa kazi yao jina moja, Yanesen, ambalo halimo katika orodha ya anwani za serikali, na ambalo leo kila mtu mjini analijua. Kwa maneno mengine, walioujua mtaa kwa kuuliza waliweza hata kuuongezea mpaka mpya.

Tukiyapima yote, njia hizi haziko sawa, wala moja haitoshi pasipo nyingine. Nambari humfikisha mgeni mlangoni. Ramani ya zamani humweleza kwa nini mlango uko pale. Kalenda na ubao humwondolea kero ya kuwa mzigo kwa wengine. Na ushirika humpa yale ambayo hayajaandikwa popote. Mpango huu una sababu ya kufuatwa kwa taratibu yake, kwa kuwa anayeanza kwa kuwahoji wazee kabla ya kujua siku ya taka huomba kabla ya kutoa. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na katika Yanaka jembe hilo ni zamu ya kufagia, au saa moja ya mazoezi ya zimamoto asubuhi ya Jumapili. Kipimo cha mwisho cha elimu hii hakimo katika idadi ya njia azijuazo mtu. Kimo katika siku ile ambapo mhamiaji aliyefika baada yake, akiwa na karatasi ya anwani asiyoielewa, atamuuliza, naye akaweza kumjibu sawasawa, na kumweleza sababu.