Hifadhi Kwanza, Tuma Baadaye

Sensa ya Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kufanyika kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kwenye vijiji vya milimani kama vile vya Busunzu, wilayani Kibondo, mtandao unaweza kushika vizuri juu ya kilima na kupotea ukiteremka bondeni. Karani naye hawezi kurudi kwa mama mwenye nyumba kumwambia, "Samahani mama, majibu yamefutika, tuanze tena na majina ya watoto." Kwa hiyo dodoso lilijazwa na kuhifadhiwa ndani ya kifaa bila kusubiri mtandao, likatumwa pale mtandao ulipopatikana. Nchi nzima walihesabiwa watu 61,741,120.

Fomu nyingi tunazojaza mtandaoni zimepangwa kinyume chake. Chukua mhitimu wa kidato cha sita anayetunga maelezo ya kuomba kazi moja kwa moja kwenye kisanduku cha tovuti. Muda huo maneno yake yako wapi? Kwenye tovuti hayajafika, na mara nyingi hata kwenye hifadhi ya simu hayamo. Yako kwenye kumbukumbu ya muda ya kivinjari tu, na yakipotea husemwa kwamba mtandao ndio uliosumbua.

Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Simu ya bei nafuu ina kumbukumbu ndogo. Ukitoka kidogo kwenda WhatsApp kutafuta namba ya cheti, Android inaweza kuua ukurasa wako ili ipate nafasi. Unarudi, ukurasa unapakiwa upya, kisanduku kitupu. Kuna pia muda wa kuingia kwenye akaunti. Mfumo hukutambua kwa kibali chenye ukomo, na ukitunga kwa muda mrefu bila kubofya chochote, kibali kinakwisha huku ukurasa ukionekana mzima kabisa. Unabonyeza Tuma, seva inakurudisha kwenye nywila na maneno inayatupa. Huo ni uzembe wa mtengenezaji, maana vivinjari vimekuwa na uwezo wa kuhifadhi rasimu ndani ya kifaa kwa zaidi ya miaka 10.

Mtandao wenyewe ukikatika katikati ya kutuma, kwa kweli wewe una nafuu. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hata Dar es Salaam ilionja maisha ya bondeni. Hali ikiwa hivyo, ukurasa ukiwa bado mbele yako usiupakie upya. Teua maandishi yote, nakili, ukabandike kwingine, ndipo ujaribu tena.

Kujaribu tena nako kuna mtego wake. Jibu la seva likipotea njiani, simu haijui kama fomu ilipokelewa au la. Programu za madodoso kama ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na CSPro ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, huipa kila fomu utambulisho wake wa pekee ikiwa bado kwenye kifaa. Ikitumwa mara ya pili, seva ina njia ya kujua kwamba ni ileile. Bila utambulisho huo, mwenye hofu ya kupoteza anaishia kuwa na maombi mawili.

Anayeandika hawezi kuitengeneza upya tovuti ya mtu, lakini anaweza kutungia kwenye programu ya noti, au kujitumia mwenyewe ujumbe wa WhatsApp. Utakaa na alama ya saa mpaka mtandao urudi, na maneno yatakuwepo. Na kabla ya kuiamini fomu yoyote ndefu, andika humo maneno mawili, funga ukurasa, kisha uufungue tena. Usipoyakuta, fomu hiyo ni ya kubandikia tu.