Herufi Nene na Neno la Kiswahili

Herufi nene za matangazo zenye serifu, yaani vile viguu vidogo vifungavyo ncha za mistari ya herufi, huonekana mahali pengi katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Zimo juu ya milango ya maduka, ubavuni mwa malori, katika mabango ya uchaguzi, na katika vibao viwaonyavyo watu wasikaribie mashimo ya migodi. Kwa kuwa kazi yake ni kuita kabla ya kusomwa, wengi huzipita bila kuzihukumu. Jambo hilo lina hasara, maana herufi iitayo vibaya hupoteza neno, na neno lipoteapo ukingoni mwa shimo laweza kupoteza mtu.

Asili ya herufi hizi si ya kale sana. Mwanzoni mwa karne ya 19 wapiga chapa wa London walihitaji sauti kubwa kwa matangazo ya biashara na bahati nasibu. Kwanza zilitolewa herufi zilizonenepa mwili, lakini serifu zake zikaachwa nyembamba kama unywele. Baadaye zikafuata zenye serifu nzito. Mwaka 1845 Robert Besley wa kiwanda cha Fann Street alitoa sura iitwayo Clarendon, ambayo serifu yake ni nene na imeungana na mguu wa herufi kwa mkunjo laini. Iliandikishwa ipate ulinzi wa miaka 3. Muda ulipokwisha, wengine wakaiiga mara moja. Huko Marekani, Darius Wells alikuwa amekwisha kubuni, mwaka 1827, mashine ya kuchongea herufi za mti, nyepesi kuliko za risasi. Clarendon ikapata mwili wa mti, ikaenea katika mabango.

Tofauti ya aina hizi mbili yafaa kupimwa kwa jua na vumbi la Shinyanga. Rangi ya kibao ikianza kuchujuka, mistari myembamba hutangulia kufa. Herufi ya aina ya kwanza hubaki vipande: H huwa nguzo mbili zisizojuana. Clarendon huchakaa sawasawa, na hata ikififia nusu yaweza kusomeka. Hiyo ndiyo fadhila yake, nayo si ya urembo.

Lakini herufi hizo zilichongwa kwa ajili ya lugha nyingine. Herufi za mti ziliuzwa kwa makundi yaliyohesabiwa kwa idadi ya A, na katika kila kundi E zilizidi A, kwa sababu Kiingereza hula E nyingi. Kiswahili hula A. Mpiga chapa mwenye kundi la A 3 aweza kuandika TANZANIA mara moja tu, kisha sanduku lake ni tupu; BARABARA hawezi kuiandika kabisa, ilhali E zake zalala bila kazi.

Kompyuta imeondoa upungufu huo, lakini haikuondoa upana. Neno la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na tendo kwa pamoja. HAWATARUHUSIWA, neno liwezalo kuhitajiwa katika lango lolote la mgodi, lina herufi 14, na ndani yake mna A 4 na W 2. W ni pana kwa asili. Ikinenepeshwa na kuvikwa serifu hutaka nafasi ya herufi mbili. A nayo ina tundu dogo la pembe tatu, ambalo unene hulibana hata likazibika. Hapo mwandishi hana budi kuchagua: apunguze kimo cha neno, alikate katikati, au azikandamize herufi hata zisahau sura yake. Njia zote tatu humpokonya msomaji.

Fundi wa brashi ana uhuru ambao mwenye chapa hakupewa. Achorapo ukuta aweza kupunguza serifu pale W ipakanapo na A, akapanua tundu la A, na bado neno likasimama kwa uzito wake. Kazi yake hudharauliwa kwa kuwa haina kipimo cha kiwanda. Kumbe hujibu swali ambalo kiwanda hakikuulizwa. Atakayetaka kubuni chapa nene ya Kiswahili angefanya vema kuanzia ukutani kwake kabla ya kufungua vitabu vya sampuli: W nyembamba, A yenye tundu wazi, serifu fupi lakini nene.

Hata chapa njema, hata hivyo, haitafaa kitu ikitumiwa ovyo. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini mbiu iliayo mchana kutwa huzoewa kama upepo. Soda, simu na wagombea wakiitana kwa unene ule ule, HATARI ya mgodini haina tena sauti iliyo yake. Unene ni akiba ya watu wote. Mfanyabiashara aitumiaye kuuzia sabuni haibi fedha ya mtu. Huchukua sehemu ya usikivu ambao mchimbaji atauhitaji usiku, mbele ya kibao kimoja, akiwa na tochi hafifu mkononi.