Najikongoja Tu

Kila Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Viktoria, sisi watu wazima wapatao kumi hukutana karibu na uwanja wa Kaitaba, tukapanda mbio kuelekea Rwamishenye. Hatugombei kikombe. Tunafukuza vitambi, shinikizo la damu na uzee. Lakini kabla mguu haujanyanyuka, ipo desturi yetu ndogo. Mmoja atasema goti lake limekwisha. Wa pili atalaumu ndizi alizokula usiku. Wa tatu atajiita kobe. Nami nikiulizwa hali, jibu langu kwa miaka mingi lilikuwa hilo hilo: "Waitu, mimi najikongoja tu." Kisha tunaondoka, na kobe anatuacha sote mlimani.

Mgeni angestaajabu. Nchi nzima hututania sisi Wahaya kwa majivuno. Neno letu nshomile, yaani "nimesoma", limekuwa jina la mtu asiyekaa dakika tano bila kutaja vyeti vyake. Iweje watu hao hao, wakivaa raba, wawe wanyenyekevu kuliko watawa?

Nilijidanganya kwamba huo ni uungwana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa nadhani ni mambo mawili yaliyovaa kanzu ya uungwana. Kwanza ni kinga: nikishindwa, nilikwisha kusema, nikifaulu, nitaonekana shujaa. Pili ni chambo. Anayejiita kobe anangoja mwenzake aseme, "Aa, wewe ni swala!" Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu wetu hutia maji mapema ili asifiwe.

Ningeyaacha hayo yapite kama si jambo moja. Alikuja kwetu mama mmoja, mjane, ambaye daktari alimshauri afanye mazoezi. Alikuwa akikimbia hatua hamsini, anatembea mia, kisha anakimbia tena. Asubuhi yake ya tatu nilimngoja pale juu. Alipofika, akihema, akanisifu. Kwa mazoea nikajibu kwamba najikongoja tu. Hakuja tena. Miezi kadhaa baadaye tulikutana sokoni, nikamwuliza sababu. Akacheka kidogo, akasema: "Mwalimu, kama wewe unajikongoja, mimi nilikuwa natambaa. Nikaona nisiwachelewesheni."

Ndugu msomaji, neno lile nililidhani linanishusha mimi peke yangu. Kumbe mtu aliye mbele akijishusha, huwashusha pamoja naye wote walio nyuma yake.

Kuna kisa ambacho hutajwa kila tunapotaka kuusifu unyenyekevu wa mkimbiaji. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, John Stephen Akhwari wetu alianguka katika marathoni ya Olimpiki, akaumia vibaya goti. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26; Akhwari aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio tu, bali azimalize.

Tunalisimulia jibu hilo kama la mtu mpole. Lisikilize tena. Hakusingizia goti, wala hakujiita kobe. Alitaja aliyemtuma na kazi aliyotumwa, akaonyesha kwamba ameitimiza. Hayo ni maneno ya mtu anayejua thamani yake. Na kwa kupenda mno picha ya yule aliyechechemea, tumesahau kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, mtu huyo huyo alikuwa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Tumemnyenyekeza sisi, yeye hakujinyenyekeza.

Wazee wetu hapa walikuwa na ebyebugo, majigambo. Mwanamume alisimama mbele ya Mukama au mbele ya hadhara, akataja jina lake, ukoo wake na matendo yake. Tunacheka tukisema ndiko yalikozaliwa majivuno ya nshomile. Lakini mwenye kujigamba alisema mbele ya watu waliomjua. Alitoa hesabu, na hesabu huweza kukaguliwa. "Najikongoja" haikaguliki, ni ukungu tu.

Sisemi turudi kutamba barabarani. Nasema tu kwamba kinyume cha majivuno si kujidharau; ni kusema kweli. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa, najibu: "Nakimbia kilomita nane kwa saa moja, kilima napanda nikitembea mara mbili, mwaka wa kwanza nilitembea mara kumi." Wenzangu wanasema nimeanza kujisifu. Huenda.

Yule mama nilimpa hesabu hiyo hiyo pale pale sokoni, hasa ile ya mara kumi. Aliniangalia kama mtu aliyepunjwa chenji yake kisha akarudishiwa. "Mbona hukusema siku ile?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Jumamosi hii nitafika Kaitaba mapema, nimngoje pale chini, si juu.