Kufanana si undugu: neno juu ya zile listi za «faux amis»

Wandugu wanafunzi na nyinyi mliomaliza lisansi, kuna listi moja inazunguka sana mu magrupu yetu ya WhatsApp. Iko na safu mbili: Kifaransa huku, Kiingereza kule. Inatuambia kama «pain» kwa Kifaransa ni mkate, kwa Kiingereza ni maumivu. «Chair» huku ni nyama ya mwili, kule ni kiti. «Four» huku ni tanuru, kule ni nne. «Coin» huku ni pembe, kule ni pesa ya chuma. Halafu chini: hawa ni «faux amis», ni kusema marafiki wa uongo, mkariri wote.

Kwa mtu anayetafuta kufaulu interro, listi ile inasaidia. Tafsiri zake ziko sawa. Lakini mimi niliyesoma agronomia naona shida moja kubwa: imetupa mu kapu moja vitu vya aina mbili, na haisemi neno juu ya tofauti yao.

Tuanze na «coin». Ya Kifaransa na ya Kiingereza zote zinatoka kwa neno moja la Kilatini, «cuneus», ni kusema kabari, ile ya kupasulia kuni. Kabari iko na pembe, basi Kifaransa kikabaki na pembe. Chuma cha kugongea alama kwenye pesa nacho kiliitwa vile vile, basi Kiingereza, kilichochukua neno kwa Kifaransa cha zamani, kikabaki na pesa. Hao ni ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akaenda kutafuta maisha kwake. Sawasawa na «gift»: kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. Inashangaza, lakini asili ni moja, kitendo cha kutoa. Sumu ni kitu unachompa mtu.

Sasa «four». Ya Kifaransa inatoka kwa Kilatini «furnus», tanuru. Ya Kiingereza ni neno la zamani la Kijerumaniki, «feower». Hapa hakuna undugu hata kidogo. Na angalia hii: ndugu wa kweli wa «four» ya Kiingereza mu Kifaransa ni «quatre», ambayo haifanani nayo hata herufi moja ya mwanzo! «Pain» ya Kiingereza, ndugu yake ni «peine», si mkate. «Chair» ya Kiingereza, ndugu zake ni «chaire» na «chaise».

Sisi Wakongomani hatupaswi kushangaa. Mu Kiswahili «moto» unawaka. Mu Lingala, «moto» inaweza kuwa mtu. Kwa maandishi ni kitu kimoja, lakini ndugu wa «moto» huyo wa Lingala ni «mtu» wetu, si moto wa jikoni. Na moto ile ya kupanda, ya taxi, imetuletwa na Kifaransa. Sura moja, njia tatu.

Mtu wa mimea anajua jambo hili. Chukua cactus ya Amerika na ile euphorbia yenye miiba ya kwetu. Ukiziona utasema ni mtu na mdogo wake. Kumbe ni familia mbili mbalimbali. Ni ukame njo uliozipa sura moja. Ndugu wa euphorbia ni muhogo! Majani hayafanani, lakini kata zote mbili, utaona utomvu mweupe. Mu botania hatuulizi mmea unafanana na nani, tunaangalia maua, mbegu, utomvu.

Na maneno yako na utomvu wao. Rasmus Rask mwaka 1818, kisha Jacob Grimm mwaka 1822, walionyesha kama sauti zinabadilika kwa utaratibu. Penye p mu Kilatini, Kiingereza kiko na f: «pater» na «father», «piscis» na «fish». Penye d, kiko na t: «duo» na «two», «decem» na «ten». Ndiyo maana «dies» ya Kilatini na «day» ya Kiingereza, zote maana yake siku, si ndugu: zingekuwa ndugu, Kiingereza kingeanza na t. Sauti na maana zimekutana njiani, basi.

Mwingine atasema: miye natafuta kazi, hii itanisaidia nini? Kwanza, mambo ya kazi. Unasoma karatasi ya Kiingereza juu ya udongo wenye asidi, unakuta «lime». Kifaransa kitakuvuta kwa ndimu, ao kwa tupa ya kunolea. Lakini Kiingereza kiko na «lime» zaidi ya moja: ya tunda, iliyotoka kwa Kiarabu, na nyingine ya zamani sana ambayo ni chokaa. Pale shambani wanasema chokaa. Mwenye kujua kama sura moja inaweza kubeba asili mbili atasimama na kuuliza kabla hajaandika ripoti.

Pili, na hii njo inayonisumbua zaidi. Mu eneo letu watu wanashika majina mawili ya mlima ao maneno mawili yanayofanana, wanatangaza: hawa na wale ni damu moja, ao hawa si wa hapa. Hawaulizi neno lilikuwa vipi zamani, wala limepita njia gani. Maneno kama hayo hayabaki kwenye simu, yanafika mpaka kwenye mashamba na mipaka. Kijana aliyefundishwa kwa listi ya safu mbili hana cha kujibu, juu yeye mwenyewe amezoea kuhukumu neno kwa sura.

Basi sisemi tutupe listi. Tuongeze safu ya tatu: asili. Trésor de la langue française iko bure kwenye intaneti, na chini ya maneno yake mengi kuna sehemu ya etimolojia. Haikuli mega nyingi. Anzeni na maneno matatu: «main», «or», «champ». Mbili za kwanza hazina undugu na zile za Kiingereza. Ya tatu, tafuteni wenyewe, juu jibu lake linapita kwa «champion».