Dalili, Ushahidi na Ugunduzi

Wafasiri wetu wa habari za fizikia wana mazoea ya kuliita "ugunduzi" kila jambo litokalo katika maabara ya CERN, karibu na Geneva. Mazoea hayo hatuyaafiki.

Lugha inajua kutofautisha. Huko Matombo, chini ya milima ya Uluguru, marumaru hutoa mawe mekundu. Mengine ni yakuti, mengine spineli, na jicho huweza kudanganyika. Kipimo ndicho kiamuacho: yakuti huupasua mwale wa nuru ukawa miwili, spineli haiupasui. Kabla ya kupima, mwuzaji mwaminifu husema ana jiwe jekundu, basi.

Chembe ya Higgs hata hivyo haishikiki. Huvunjika mara izaliwapo katika mtambo wa kugonganisha protoni, na watafiti huhesabu mabaki yake, kama vile jozi za fotoni, wakitazama iwapo hesabu imezidi ile iliyotarajiwa. Desemba 2011 makundi ya ATLAS na CMS yalitoa habari za dalili tu. Ugunduzi ulitangazwa tarehe 4 Julai 2012, ziada ilipofikia sigma tano. Yaani, kama chembe hiyo isingekuwapo, bahati tupu ingezaa ziada kubwa kiasi hicho mara 1 tu katika 3,500,000 hivi. (Mfasiri asigeuze kauli hiyo ikawa "uhakika kwamba chembe ipo", hayo ni mambo mawili.)

Kwa desturi ya wanafizikia wenyewe, sigma tatu hazijawa ugunduzi. Hizo tungeziita "ushahidi", na zilizo chini yake "dalili". Atakayetuona wakali na akumbuke Desemba 2015, ilipoonekana ziada ya jozi za fotoni karibu na gigaelektronivolti 750. Makala mengi ya nadharia yaliandikwa juu yake. Kufikia Agosti 2016 data mpya zilikuwa zimeifuta. Aliyeandika "dalili" hakuwa na la kusahihisha. Mwalimu aliyesoma "ugunduzi" alikwisha kuwafundisha wanafunzi chembe isiyokuwapo.

Ama "chembe ya Mungu", jina lililoenezwa na kitabu cha Leon Lederman cha mwaka 1993, liachiwe vichwa vya magazeti. Neno "chembe" lenyewe linatutosha, mradi walimu wa biolojia washikamane na "seli".